Karatasi na mikunjo yake: toka Hispania hata Kabambare na Kasongo



Kila mwalimu aliyefundisha kalasi ya chini anaujua mchezo huu. Yeye anageuka kuandika ubaoni. Nyuma yake karatasi moja inatolewa polepole katikati ya kaye, inakunjwa mara mbili, mara nne, na anapowaelekea tena watoto, mtumbwi mdogo umekwisha kuwa juu ya meza, ao kofia, ao ndege. Mimi mwenyewe nimenyang'anya mitumbwi mingi ya namna hii na kuitupa. Siku moja tu niliufungua mmoja ili nione umekunjwa namna gani. Ndani yake mlikuwa na hesabu, karibu zote zimekosewa. Lakini kazi ya mikono ilikuwa sawasawa: kila mkunjo ulipita pale pale ulipopasa kupita.

Nani alimfundisha mtoto yule? Si mimi. Mtoto hufundishwa mambo hayo na mtoto mwenziwe, wala hakuna anayeandika. Kwa sababu hiyo historia ya kukunja karatasi ni ngumu kuifuata. Katika inchi za lugha ya Kihispania watu wameitafuta kwa bidii, na matafuto yao yanatusaidia sisi wa Maniema ya kusini kuzitazama vizuri karatasi zetu wenyewe. Maana karatasi yao na karatasi yetu zilikuja kwanza kwa mikono ya watu wa dini moja na wa herufi moja, ingawa kuna miaka mia nyingi kati yao. Tofauti ni hii: kule karatasi ilipata nafasi ya kuwa mchezo. Kwetu ilifika imekunjwa na kufungwa, na neno lililokuwa ndani halikuwa la yule aliyeibeba.

Tuanze na Hispania. Karatasi ilivumbuliwa Uchina, ikafika Samarkand katika karne ya 8, kisha Baghdad, Misri na Maroko, na mwisho ikavuka bahari pamoja na Waislamu waliotawala sehemu kubwa ya Hispania. Al-Idrisi, mwenye elimu ya inchi na miji, aliandika karibu na mwaka 1154 ya kwamba karatasi ya mji wa Xàtiva, upande wa Valencia, haina mfano. Wakristo nao hawakuidharau. Katika monasteri ya Santo Domingo de Silos, karibu na Burgos, kimo kitabu cha sala cha karne ya 11, cha liturujia ya Kimozarabu, ambacho sehemu yake ni karatasi na sehemu yake ni ngozi. Wataalamu wanakihesabu kati ya vitabu vya kikristo vya zamani kabisa vilivyoandikwa juu ya karatasi katika Ulaya yote. Basi mmonaki aliyesali mbele ya kitabu kile alishika mikononi ufundi wa Waislamu, na sala yake haikuharibika. Katika karne ya 13 sheria za mfalme Alfonso wa 10 ziliita karatasi «ngozi ya nguo». Jina hilo lilifaa, kwa kuwa wakati ule ilifanywa kwa matambara ya kitani, yaliyolowekwa na kupondwa mpaka yakawa uji.

Karatasi ya matambara ina nyuzi ndefu. Inakunjika bila kuvunjika, na mkunjo unabaki. Ngozi inakataa: ukiikunja inarudi, kama ufito mbichi. Kwa hiyo sanaa ya kukunja haikuweza kuitangulia karatasi nzuri.

Vitabu vingi vinasimulia ya kwamba Waislamu ndio waliowafundisha Wahispania kukunja: dini yao haikupenda sanamu za watu na za wanyama, basi wakajifurahisha na mikunjo ya pembe na mistari tu. Hadithi ni tamu. Lakini wale wanaoirudia hawaleti hati hata moja ya zamani zile. Naona ni moja ya habari zinazoaminiwa kwa sababu zinapendeza, na sisi wanafunzi wa historia tujihadhari nazo. Mashahidi wa kweli ni wa nyuma zaidi, tena wanatoka fasi nyingine. Mwaka 1629 Mattia Giegher alichapisha kule Padova, katika Italia, kitabu kinachoonyesha namna ya kukunja vitambaa vya meza za wakubwa kuwa ndege, samaki na merikebu. Na katika inchi za Wadachi, mpaka upande wa Alsace, kulikuwa na desturi ambayo mapadri na makatekista wataipenda. Wasimamizi wa ubatizo walimpa mtoto barua ya ubatizo iliyopambwa. Pembe zake nne zilikunjwa mpaka katikati, kiisha zikakunjwa tena, ikawa mfuko mdogo, na mara nyingi ndani yake walitia sarafu. Mikunjo hiyo, pembe nne kuelekea katikati, ndiyo mianzo ya ndege anayejulikana katika Hispania yote.

Ndege huyo wanamwita pajarita, maana yake ndege mdogo. Ana mdomo, ana mkia uliosimama, hana mabawa yanayoruka. Mtoto wa Hispania anajua kumkunja kama mtoto wetu anavyojua kukunja mtumbwi. Aliyemtia katika vitabu ni Miguel de Unamuno (1864-1936), mwalimu mkubwa wa Kigiriki na mkuu wa chuo cha Salamanca. Mwaka 1874, alipokuwa na miaka tisa, mji wake wa Bilbao ulizungukwa na majeshi na kupigwa mizinga. Watoto walifungiwa nyumbani. Unamuno anasimulia katika habari za utoto wake namna walivyokunja ndege za karatasi, wakazifanya kuwa askari, wakazipiganisha vita. Alipokuwa mtu mzima hakuuacha mchezo ule. Mwaka 1902, mwishoni mwa kitabu chake Amor y pedagogía, alitia mafundisho marefu juu ya elimu ya ndege wa karatasi, nusu mzaha, nusu kweli, akiwacheka wenye elimu wanaotaka kila kitu kiwe na jina la Kigiriki. (Waseminari wa mwaka wa filosofia wangecheka pamoja naye, kama wangejitambua.)

Mwaka 1929, katika mji wa Huesca, Ramón Acín, mwalimu wa kuchora, alisimamisha katika bustani ya mji pajarita mbili za chuma zinazotazamana. Mwezi wa Agosti 1936, vita ya Wahispania kwa Wahispania ilipokwisha kuwaka, akapigwa risasi. Ndege zake zilibaki. Ng'ambo ya bahari, katika Argentina, kazi iliendelea: daktari Vicente Solórzano Sagredo, mzaliwa wa Hispania, alitoa vitabu vikubwa vya kukunja, na Ligia Montoya (1920-1967) alikunja maua na wanyama kwa akili nyingi, akiandikiana barua na wakunjaji wa inchi nyingine. Yatosha juu ya kule.

Mwaka ule ule wa 1874, mtoto Unamuno alipofanya askari wake wa karatasi, Mwingereza Cameron aliingia Nyangwe juu ya Lualaba. Karatasi ilikuwa imekwisha kumtangulia. Iliingia Maniema kwa njia ya misafara: toka Bagamoyo mpaka Tabora, toka Tabora mpaka Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika, kupanda Kabambare, kuteremka Kasongo. Neno lenyewe linatuonyesha njia. Karatasi ni neno la Kiarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wagiriki. Wanaojifunza Kilatini watamwona ndugu yake katika charta. Waraka pia ni neno la Kiarabu, jani. Lakini watu wetu wengi, wakiipokea barua, husema mukanda, neno ambalo katika lugha kadhaa za Congo lilitaja kwanza ngozi. Mfalme Alfonso aliona ngozi katika karatasi. Mababu zetu waliona vilevile, pasipo kusikia habari zake.

Barua ya Waungwana haikuwa na bahasha. Karatasi yenyewe ilikunjwa, ikakunjwa tena, mpaka ikawa nyembamba. Ikafungwa, na jina la mwenye kuipokea likaandikwa nje. Mjumbe aliitia katika ufito uliopasuliwa ncha, akaushika mbele yake njiani, watu wote waone ya kwamba anachukua neno la mkubwa. Yeye mwenyewe kwa kawaida hakuweza kulisoma. Huenda karatasi ilisema apewe chakula, huenda ilisema akamatwe. Kulikuwa na karatasi ya pili, ndogo zaidi: hirizi. Maneno ya Korani yaliandikwa, karatasi ikakunjwa mpaka ikawa kama ukucha wa kidole, ikashonwa ndani ya ngozi, ikavaliwa shingoni ao mkononi. Hiyo haikukunjwa ili ifunguliwe. Mtu aliyeifungua aliiharibu. Nadhani wazee wetu walijifunza kwanza kwa karatasi hizi mbili kwamba nguvu ya maandiko inakaa ndani ya mkunjo. Wamisionari waliofika na vitabu wazi mkononi walishangaa kuona watu wanataka karatasi kuliko kujua kusoma. Laiti wangalikumbuka hirizi wasingalishangaa sana.

Sasa tufike Kabambare. Livingstone alitoka Ujiji tarehe 12 Julai 1869 pamoja na mfanya biashara Mohamad Bogharib, akafika tarehe 21 Septemba mahali anapopaita Bambarre. Ndipo Kabambare yetu. Mwaka 1870 alijaribu kuelekea Lualaba na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Mwezi wa Julai alirudi Kabambare na vidonda vya miguu visivyopona, akakaa mpaka tarehe 16 Februari 1871. Anasema ya kwamba katika Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Hakuwa na kitu kingine cha kusoma, ila magazeti machache ya zamani. Na kaye zake zilikwisha.

Mtu huyu aliyezoea kuandika kila siku alifanya nini? Alichukua gazeti la Standard la London, la tarehe 24 Novemba 1869, na karatasi nyingine za namna ile, zikakatwa, zikakunjwa na kushonwa kuwa vijitabu. Maandiko ya mashine yalikuwa yamejaa. Basi aligeuza ukurasa ubavu, akaandika kwa kuyakata yale ya chini, mistari ikapita juu ya mistari. Wino nao ulikuwa umekwisha. Akafanya wino kwa mbegu za zingefuri, zile Waungwana walizozitumia kutia nguo rangi nyekundu. Mti huo wa zingefuri hautoki Afrika. Nyumbani kwake ni Amerika ya joto, na ni merikebu za Wahispania na Wareno zilizoutawanya duniani, pamoja na mihogo na mahindi tunayokula. Kwa hiyo hata Kabambare, mwaka 1871, kitu kidogo cha inchi za Kihispania kilikuwa juu ya karatasi ya Mwingereza. Tarehe 5 Februari aliandika Kabambare barua kwa rafiki yake Horace Waller, yenye uchungu mwingi juu ya mambo aliyoyaona.

Alifika Nyangwe mwisho wa mwezi wa Machi. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa Dugumbe walianza kupiga bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza. Wengi walijitupa mtoni. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaandika hayo juu ya gazeti lake, na habari zile, zilipofika Ulaya, zilisaidia sana kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Karatasi zenyewe hazikusomwa vizuri kwa muda wa miaka mia moja na zaidi. Livingstone alikufa mwaka 1873. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake na vitu vyake mpaka pwani. Mwaka 1874 Waller alichapisha kitabu cha safari za mwisho, akifuata hasa buku kubwa ambamo Livingstone alikuwa amenakili upya habari zake. Karatasi za gazeti zilififia. Zingefuri inapotea haraka, lakini wino wa mashine haupotei, na hivi soko la Nyangwe lilifunikwa na matangazo ya biashara ya London. Mwaka 2011 tu wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipiga picha za kurasa kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata ile isiyoonwa na macho, mpaka maandiko ya mkono yakajitenga na yale ya mashine. Wakaona ya kwamba aliyoyaandika papo hapo hayakuwa sawa na yale aliyonakili baadaye. Juu ya watu wa msafara wake mwenyewe, na ubaya waliowatendea wenyeji, maneno ya kwanza yalikuwa makali zaidi, alipoyanakili aliyalainisha.

Hilo linanigusa mimi kama padri. Livingstone alikuwa mtu mwema na alichukia utumwa kwa moyo wote. Hata hivyo alipofika kwa watu wake mwenyewe, mkono wake ulikunja sehemu ya ukurasa. Nani kati yetu anayeandika kumbukumbu za parokia hajafanya hivyo? Na jambo la pili ni zito zaidi. Wanawake wa Nyangwe waliojua kila kitu cha siku ile hawakuwa na karatasi. Tunajua wingi wao kwa hesabu ya wauaji wao.

Juu ya Kasongo nitasema kwa kifupi. Mwezi wa Oktoba 1876 Stanley alionana na Tippu Tip karibu na huko, wakafanya mapatano kwa maandiko: Tippu Tip amsindikize kwa mwendo wa vituo 60, apewe dola 5000. Mamia ya watu walitembea kwa ajili ya karatasi ile wasiyoiona. Majeshi ya Dhanis yaliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa pamoja nayo, alistaajabu kukuta vitanda vya hariri, mishumaa, sukari na viberiti. Na kati ya mali zilizotekwa zilionekana karatasi za Emin Pasha, aliyeuawa mwaka 1892 mbali na huko, upande wa kaskazini. Naye Tippu Tip, akizeeka Unguja, aliandika mwenyewe maisha yake kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Brode, Mdachi, akazigeuza kuwa herufi za Kilatini na kuzichapisha. Ndivyo Kasongo ilivyoingia katika vitabu: kwa mkono wa mtawala wake.

Mapadri Weupe walipofungua misioni ya Kasongo, karatasi ilibadili kazi. Sasa kulikuwa na katekisimu, kaye, ubao. Herufi za Kilatini zilishika nafasi ya zile za Kiarabu, ingawa lugha ilikuwa ile ile ya Waungwana. Kulikuwa pia na buku la ubatizo, ambalo Kanisa lilianza kulidai kila parokia tangu mtaguso wa Trento, mwaka 1563. Tuone neno hili sawasawa: katika buku lile, kwa mara ya kwanza, mtu asiye mkubwa wala mfanya biashara, mwanamke mkulima wa Kabambare, mtoto wa siku nane, aliandikwa kwa jina lake, na jina la baba na mama, na la msimamizi, bila kuhesabiwa pamoja na mizigo. Mikono ya wakoloni ilitumia karatasi nyingine pia, za kodi na za kazi ya nguvu, na watu walizikunja hizo kwa hofu. Lakini cheti cha ubatizo walikikunja kwa namna nyingine. Tangu vikariati ya Kasongo ilipoanzishwa mwaka 1952, na ilipokuwa jimbo mwaka 1959, na katika miaka mibaya iliyofuata, watu walikimbia porini na sufuria, nguo na cheti kile.

Karatasi ya siku zetu si ya matambara. Ni ya miti, nyuzi zake ni fupi, na mahali ilipokunjwa ndipo inapokatika kwanza. Mchwa wanamaliza kazi. Ndiyo maana makatekista waviweke vyeti vya watu katikati ya kurasa za kitabu, vimenyoka, mbali na ukuta.

Kwa hayo nakumbuka mzee mmoja wa upande wa Kabambare aliyeniletea cheti chake. Alikitoa katika kitambaa, kitambaa katika kopo, kopo katika mfuko. Kilikuwa kimekunjwa mara nne kwa miaka mingi sana, kikawa vipande vinne vilivyoshikana kwa uzi mmoja mmoja wa karatasi. Mkunjo wa katikati ulipita juu ya jina la msimamizi wake, na jina lilikuwa limekwisha. Alitaka kulijua kabla ya kufa, maana mtu yule alimlea, naye alimjua kwa jina la nyumbani tu. Tulitafuta katika buku la ubatizo asubuhi nzima. Jina lilikuwako. Nikamwandikia cheti kipya, nikamsomea mara mbili. Mzee akakipokea, akakitazama kitambo, na mbele ya macho yangu akakikunja mara nne.